Shikamoo Iliyobaki Uwanjani

Isevya, Tabora
Jumamosi jioni

Mwanangu Kalunde,

Umekwenda Kipalapala kumuaga shangazi yako, na namjua, hatakuachilia mpaka umekula mara mbili, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Mume wangu (niache niandike hivyo, neno hili bado linayeyuka mdomoni mwangu kama pipi), mume wangu amekaa barazani anakaza upya nyuzi za raketi yako ya pili. Anaimba kwa sauti mbaya kabisa, na mimi naisikia kama santuri. Ndoa yetu haijaona hata masika moja. Utanivumilia basi ikiwa barua hii itamtaja Mihayo kila baada ya mistari miwili. Mwanamke wa umri wangu aliyeolewa kwa mapenzi hana breki.

Sitakuandikia habari za chakula, wala za kwinini, wala nani wa kukaa naye kwenye treni. Asali imo kwenye kibuyu, kibuyu kimo kwenye kikapu, basi. Nataka kukuandikia habari za yule mama wa Kizungu ambaye huko Dar es Salaam ndiye hukabidhi kombe.

Jana ulipokuwa unakunja sketi zako nyeupe uliniambia, "Mama, mimi naenda kucheza. Siendi kukulipia kisasi." Mihayo akanitazama akasema, "Mwache mtoto." Basi jana nikamwacha mtoto. Leo simwachi. Umekataa kisasi ambacho hukijui, na kosa ni langu, kwa maana nimekufundisha kupiga mpira tangu raketi yako ilipokuwa kipande cha ubao wa sanduku la chai, na sijawahi kukuambia ulikuwa unampiga nani.

Ule mduara wa mkaa kwenye ukuta wa nyuma, uliokuwa ukiulenga kila asubuhi kabla ya shule, unaukumbuka? Uliniuliza kwa nini nauchora mdogo hivyo, nikakujibu kwamba shabaha ndogo hufundisha jicho. Huo ulikuwa mdomo wa mama yule. Mvua ilipoufuta niliuchora tena, na nilipouchora nilikuwa na furaha kama mtu anayepamba nyumba kwa Krismasi.

Na lile goti. Ulipokuwa mdogo nilikuambia niliacha tenisi kwa sababu ya goti, nawe ukadhani ni goti linalouma. Ulikuwa ukinisugua mafuta ya nyonyo kwa vidole vyako vidogo, nami nikikuacha unisugue. Goti langu ni zima. Liliniponza kwa njia nyingine.

Nilikuwa msichana wa sekondari ya masista, na wakati wa likizo nilifanya kazi ya kulea watoto wa Bibi Daktari, mke wa daktari mmoja wa Kiingereza. Huyo alikuwa mwanamke mwema na mpweke. Asubuhi na mapema, kabla wenzake hawajaamka, alikuwa akinichukua uwanjani kwenye klabu yao ili apate mtu wa kumrudishia mipira. Mwanzoni nilirudisha. Baadaye nikawa namkimbiza. Alikuwa akicheka, anashika mbavu, anasema, "Nyamizi, utaniua!"

Uwanja wa klabu ulikuwa wa udongo wa kichuguu kama huu wetu wa nyumbani. Unajua ulivyo: mchwa wameutafuna kwanza, watu wakauponda, wakaumwagilia, wakaukandamiza hadi ukawa mgumu kama sahani. Uzuri wake ni kwamba hauwezi kudanganya. Mpira ukianguka huacha alama, kama dole gumba lililochovywa wino.

Mchezaji bora wa klabu alikuwa mke wa bwana mkubwa mmoja wa boma. Jina lake sitaliandika kwenye karatasi yangu. Sisi watu wa kazi tulimwita Filimbi, kwa sauti yake. Siku moja Bibi Daktari alimtania mbele ya wenzao kwamba yaya wake angeweza kumshinda. Wakalifanya jambo la kuchekesha. Wakapanga siku, wakatoa viti nje, wakaleta keki. Nafikiri walikuja kama watu wanaokwenda kumtazama mbuzi akipanda baiskeli.

Nilivaa viatu vya Bibi Daktari, vimejazwa pamba mbele. Na nilicheza, Kalunde! Laiti ungeniona. Kufikia mpira wa mwisho wale watu walikuwa wameacha keki. Filimbi aliupiga pembeni, akidhani sitaufikia. Niliufikia. Niliurudisha mrefu, ukampita kiunoni, ukaanguka juu ya mstari. Niliona kwa macho yangu chokaa ikiruka.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nyumbani kwetu, ukimshinda mtu mzima katika mchezo wowote, hata bao, ulipaswa kumsalimia upya, ili ajue umeshinda mchezo tu, yeye bado ni mkubwa wako. Bibi yangu alinitia adabu hiyo tangu sijaota meno ya pili. Basi nilipoiona ile chokaa nilijua kazi imekwisha. Nikakimbia mpaka wavuni, nikapiga goti, nikanyoosha mikono yangu yote miwili, nikasema, "Shikamoo, mama."

Wakati huohuo yeye alikuwa amekwisha kupaza sauti. "Nje!" Alisema kwa Kiswahili, ili nisikose kuelewa.

Bibi Daktari alisimama. "Si kweli. Twendeni tukaangalie alama."

"Alama ya nini?" akasema Filimbi, ananionyesha kwa raketi. "Mtazameni mwenyewe. Anaomba radhi."

Wakacheka wote. Wengine wakapiga makofi. Hakuna aliyekwenda kuangalia alama, maana nani ataangalia alama wakati mshitakiwa amekwisha kupiga magoti? Filimbi akanigeuzia mgongo, akaenda kunywa chai. Nikabaki pale, mikono mbele, salamu yangu inaning'inia kwenye wavu. Hakusema marahaba. Kwetu hata adui akikupa shikamoo unamwitikia kwanza, ndipo mnagombana.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, mbio. Baadaye kamati yao ikaamua kwamba mtumishi yeyote asiguse raketi. Bibi Daktari alihamishwa pamoja na mumewe, akaniachia ile raketi uliyoanza nayo baada ya ule ubao. Na hapo ndipo tenisi yangu ilipoishia. Ilikuwa nzuri kuliko yako, nisamehe, lakini ilikuwa nzuri kuliko yako.

Nimemchukia mwanamke yule kwa uaminifu ambao wengine huuweka katika sala. Kila kuku niliyemnunua kwa sikukuu nilimpa jina lake kabla ya kumchinja. Padri ameniuliza kwenye kitubio kama nimesamehe, nikamwambia, "Baba, bado sijamaliza kukumbuka."

Lakini kulikuwa na mtu mmoja niliyemchukia karibu sawa naye, nawe unamjua, anaimba hapo barazani.

Mihayo alikuwa mtunza uwanja wa klabu. Nilipokuwa natoka mbio nilimwona kwa pembe ya jicho anakwenda mahali mpira ulipoangukia, ameshika ufagio. Nikaamini ndiye aliyefagia ushahidi wangu. Miaka yote, kabla baba yako hajafariki na baada ya hapo, nilipokutana na Mihayo sokoni niligeuza uso kama niliyeona kidonda. Yeye alikuwa akinisalimia tu na kupita. Jina lake maana yake ni maneno, na maneno yenyewe hana.

Wewe ndiye uliyemleta, na kwa hilo nitakushukuru hadi kaburini! Ulikwenda karakana ya reli kutafuta mtu wa kututengenezea kitu cha kukandamizia uwanja, akaja yeye, anaviringisha pipa la lami lililojazwa saruji. Nilimjibu salamu kwa nusu ya mdomo. Unaikumbuka siku ile tulivyobishana juu ya mpira wako?

"Ndani!" ulisema.

"Nje," nikasema mimi.

"Mama, umezeeka macho!"

Na Mihayo akaja polepole, akavua kofia yake, akaiweka chini.

"Unafanya nini wewe?" nikamuuliza.

"Nafunika alama, mama Kalunde, isije ikaharibika. Nasubiri mmalize kelele."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Nilijifundisha mwenyewe. Siku moja, pale klabu."

Nikakutuma maji. Uliporudi na ndoo ulinikuta nalia, ukadhani amenitukana, ukamnyanyulia raketi, maskini mume wangu!

Haya ndiyo aliyoniambia wakati ukiwa kisimani. Siku ile waliagiza afagie. Akawajibu atafagia wakishakunywa chai. Akaweka kofia yake juu ya alama, akaketi chini kando yake.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Nilijua utarudi kuitazama."

"Sikurudi."

"Niliona. Ilikuja mvua badala yako."

"Ilikuwa ndani?"

"Nusu nzima ilikuwa kwenye chokaa."

"Wakakufanya nini?"

"Waliuliza kwa nini sikufagia. Nikasema kofia yangu ilikuwa imelala, sikutaka kuiamsha. Wakanifukuza kazi." Akacheka. "Nikaenda reli. Mshahara ulikuwa mzuri zaidi."

Mwanangu, mwanamke gani angekataa kuolewa na kofia hiyo? Nilikuwa nimemgeuzia uso mtu pekee aliyelinda haki yangu, amelowa mvua kwa ajili yangu na hakunidai hata salamu. Tangu siku ile nikisikia baiskeli yake inaingia uani moyo wangu unaruka kama wa msichana anayesubiri dansi. Ananiletea uyoga kutoka porini, ameufunga katika leso. Ananiita "bibi harusi" mbele ya mafundi wenzake, nami naona haya, na ninapenda kuona haya.

Watu hudhani mwanamke akipendwa atalainika, atasahau. Shangazi yako aliniambia siku ya harusi, "Sasa yule Mzungu mwache aende zake." Ajabu ni kwamba ilikuwa kinyume. Nilipokuwa peke yangu nilikuwa wakati mwingine najiuliza, labda kweli ilikuwa nje. Sasa ninaye shahidi, analala kwenye mto mmoja nami. Hasira yangu imepata afya. Inakula vizuri, imenenepa.

Lazima nikuambie pia mahali hasira hiyo iliponikosesha, maana ndiyo sababu sisafiri nawe kesho. Mke wa mtu wa reli ana haki ya tiketi ya bure, na Mihayo amekwisha kuniombea mara mbili. Nakaa. Unaikumbuka Mwanza. Ulikwishawashinda wasichana wote wa shule za hapa Tabora, ukaalikwa kule, na katika seti ya mwisho ulikuwa unaongoza. Nikasimama kando ya uwanja nikapiga kelele, "Mmalize! Mmalize!" Ukageuka kunitazama. Nikaona machoni mwako kwamba hukumwona tena yule msichana wa Kihindi aliyekuwa mbele yako. Uliniona mimi, na uliniogopa. Ulipoteza kila mpira baada ya hapo. Kwenye treni ya abiria tukirudi hukuniambia neno, na nilistahili. Kwa hiyo nimejifunza kukaa mbali na uwanja wako. Chuki yangu ni nzito, mimi ndiye niliyezoea kuibeba. Wewe ukiibeba itakulemaza mkono.

Halafu ikaja Dodoma. Ulikwenda na mwalimu wako, ukafika mpaka mchezo wa mwisho, ukashindwa kwa tofauti ndogo, ukarudi unang'aa. Nilikuwa naosha vyombo. Ukaanza kutuigiza watu wa huko, na ukamwigiza mama mmoja aliyetoa zawadi: "Nzuuuri saaana, msichana!" Sahani ilinitoka mkononi. Mihayo na mimi tukatazamana. Unaweza kuigiza mtu kwa namna nyingi, lakini filimbi ile ilikuwa ni ile ile, hata kutu haijashika.

"Nani huyo?" nikauliza, naokota vigae.

"Mkubwa wa kamati ya mashindano, mama. Anakaa Dar. Binti yake ndiye aliyenishinda. Ni mtu mwema sana yule binti, alinipa maji yake."

Nilifurahi kiasi gani, Kalunde! Niliingia jikoni nikacheza peke yangu. Kumbe Mungu alikuwa amemhifadhi. Nilikuwa naogopa amekwisha kurudi kwao na kufa kitandani kwa amani.

Sasa nisikilize vizuri. Kwa binti yake sina ugomvi wowote. Alikupa maji, mpe yako. Mshinde kwa sababu kombe hili ndilo litakalokupeleka Nairobi, kucheza kwa kulipwa, jambo ambalo hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kulifanya. Shule itakayokuajiri Dar kufundisha mchezo huu ni mwanzo mzuri, lakini unajua na mimi najua kwamba hukuamka alfajiri miaka yote hii ili uwe mwalimu wa mazoezi. Mshinde kwa ajili yako. Mipira yote ni yako, ya kwanza na ya mwisho. Sitaki hata mmoja.

Treni itakupitisha njia waliyopita babu zetu kwa miguu, pembe za ndovu begani, kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani. Babu mzaa baba yangu alifanya safari hiyo, akarudi na bega moja limeota sugu kama kisigino, na alikuwa akilionyesha kwa wageni kama medali. Ukifika Dar, Wazaramo watakuambia, "Karibu, mbeba mizigo! Umeacha wapi mzigo wako?" Usikunje uso. Hao ni watani wetu tangu enzi za misafara ile, na inakupasa uwajibu matusi makubwa zaidi, nao watafurahi na kukupa chakula. Tusi la mtani lina mlango wa kulirudishia. Ndiyo tofauti na lile nililotukanwa mimi. Lile lilifungwa kwa nje.

Mimi nataka huo mlango tu.

Ukimshinda binti yake, usifanye kosa langu la haraka. Ngoja. Mwache mwamuzi atangaze. Mwache kila mtu apige makofi mpaka achoke, na siku hizi watu wetu nao wanakaa kwenye viti vile, watapiga kwa nguvu. Peana mkono na yule binti. Nenda mbele, pokea kombe kutoka kwa Filimbi, sikiliza "nzuri sana" yake hadi mwisho. Kisha weka kombe chini. Piga goti kama bibi yangu alivyonifundisha na mimi nilivyokufundisha, goti hasa, mpaka udongo ushike. Nyoosha mikono miwili. Sema kwa sauti wote wasikie:

"Shikamoo, mama. Hii ni ya mama yangu, Nyamizi wa Tabora. Ile ya kwanza hukuiitikia."

Halafu nyamaza.

Atacheka, wewe usicheke. Atataka kukuinua, usiinuke. Atawatazama wenzake, na wenzake wanaojua Kiswahili watakuwa wanatazama viatu vyao. Kila mtu uwanjani, kuanzia wauza karanga langoni, anajua jibu la shikamoo ni nini. Ni neno moja. Mwache alitafute. Mimi nilipiga goti wakacheka, na sasa nataka goti hilo hilo limkalie kooni. Anaweza kusema marahaba mbele ya watu wote na kukiri kwamba siku ile alisalimiwa na mtu aliyemshinda, au anaweza kukosa adabu mbele ya watu wote, na hao watu siku hizi hawacheki ovyo. Lolote atakalochagua, nitalala usingizi mtamu kwenye mkono wa mume wangu.

Akiitikia, simama. Pangusa udongo gotini, chukua kombe lako, nenda Nairobi, usinikumbuke tena katika jambo hili. Nitakuwa nimemaliza.

Ukishindwa mchezo, usimpe chochote. Salamu ile ni ya mshindi. Ifungie katika leso, urudi nayo kwetu, tutaingoja mwaka mwingine. Nimezoea kungoja.

Najua utakasirika ukisoma haya. Utasema, "Mama bado!" Ndiyo, mama bado. Na kama ukifika pale mbele yake moyo wako ukakataa, basi kataa, sitakuuliza. Sikukuzaa uwe raketi yangu. Lakini nimekuomba, na sijawahi kukuomba kitu.

Mihayo ameingia sasa hivi, ameweka kofia yake juu ya sanduku lako. Nikamwambia, mtoto ana kofia zake za jua. Akasema, "Hii si ya jua." Unaelewa. Wakikuambia nje nawe umeona ndani, usikimbilie wavuni. Nenda kwenye alama, ifunike, simama hapo, hata mvua ikija.

Amesoma juu ya bega langu mpaka hapa, ananiambia barua ni ndefu kuliko reli. Namwacha anibusu shingoni na naendelea kuandika, ili ujue mama yako ana furaha. Nina furaha kweli. Nina kila kitu sasa, mwanangu, isipokuwa neno moja.

Nakusikia unakuja. Uko kwenye kona ya kisima, unawaamkia wazee waliokaa mbele ya nyumba zao, nyumba kwa nyumba. Shikamoo, bibi. Shikamoo, baba. Na kila nyumba, bila kuchelewa, inakuitikia.

Mama yako, bibi harusi wa Mihayo,
Veronika Nyamizi